Barua ya Ruhusa Iende kwa Bendi: Mitihani ya Vyuo na Mazoezi ya Vijana Wetu wa Gairo

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi katika semina ya vijana wanaosoma vyuoni, wazazi, na viongozi wa bendi na kwaya, iliyofanyika Gairo. Tunaichapisha kwa ombi la washiriki.



Tumeombwa tuzungumze juu ya namna kijana anavyoweza kufanya mitihani yake ya chuo na wakati huo huo akabaki katika bendi ya matarumbeta na ngoma. Barua ya mwaliko ilitutaka tutoe mbinu kwa vijana, nasi tutazitoa. Lakini tumeona si haki kuanza na vijana. Katika jambo hili, waliokosea kwanza ni sisi watu wazima, na ofisi yetu ya miradi ilikuwa mbele. Kwa hiyo tutaanza na sisi.

Vijana wanasoma mbali, bendi iko hapa

Wote mnajua mahali tulipo. Gairo iko karibu katikati ya safari ya Morogoro na Dodoma. Kijana anayemaliza kidato cha sita hapa huenda upande mmoja au mwingine wa barabara. Akielekea Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Chuo Kikuu Mzumbe. Akielekea Dodoma kuna Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha St. John's. Wengine wako vyuo vya ualimu, vya uuguzi na vya ufundi. Kila mmoja ana chuo chake, lakini bendi yao ni moja, nayo imebaki hapa Gairo.

Treni ya SGR iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 haipiti kwetu, inapita upande wa Kilosa. Kijana wetu wa bendi anategemea basi. Jumamosi asubuhi anaamka mapema, anasubiri basi stendi, anafika hapa saa nne au saa tano, anafanya mazoezi, kisha anarudi barabarani kutafuta basi jingine.

Tulikaa tukafanya hesabu ambayo tulipaswa kuifanya miaka mingi iliyopita. Safari ya kuja na kurudi, pamoja na kusubiri, ni kama saa tano. Mazoezi ni saa tatu. Jumla ni saa nane kwa Jumamosi moja. Tukidai Jumamosi nane kabla ya sikukuu, kijana ametoa saa 64. Katika vyuo vyetu krediti moja huhesabiwa kuwa ni saa 10 za kujifunza, yaani vipindi, kazi za vitendo na kujisomea. Saa 64 ni zaidi ya krediti sita. Maana yake ni kwamba bendi inamdai kijana muda wa kutosha kusoma somo zima la muhula, na hakuna aliyewahi kumwambia hivyo kwa maneno.

Tena mzigo haulingani. Wapiga tarumbeta wakiwa watano, mmoja akikosekana wanne wanaendelea. Lakini ngoma kubwa ni moja, na mpigaji wake ndiye anayeshika mwendo wa wote. Asipokuwepo, bendi haiandamani. Ndiyo sababu wapiga ngoma ndio wanaobembelezwa zaidi, ndio wanaolaumiwa zaidi, na ndio wanaoogopa zaidi kuomba ruhusa.

Kalenda mbili katika kuta mbili

Tatizo la pili ni kalenda. Pasaka haina tarehe moja. Mwaka 2024 ilikuwa Machi 31, mwaka 2025 ikawa Aprili 20, na mwaka 2026 ni Aprili 5. Mtihani wa taifa wa kidato cha sita kwa miaka ya karibuni umekuwa ukianza Mei, na mitihani ya taifa ya vyuo vya ualimu nayo huwa mwezi huo. Pasaka ikichelewa, kama ilivyokuwa mwaka 2025, baina ya gwaride la Pasaka na chumba cha mtihani zinabaki kama wiki mbili. Na wiki iliyotangulia, yaani Juma Takatifu, ndiyo wiki tunayofanya mazoezi kila siku.

Tuangalie na mwisho wa mwaka. Tarehe 31 Oktoba tunakumbuka Matengenezo ya Kanisa, na bendi nyingi za Kilutheri huitwa siku hiyo au Jumapili iliyo karibu nayo. Katika miaka ya karibuni mtihani wa kidato cha pili umekuwa ukianza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, na wa kidato cha nne Novemba. Kwa vyuo vikuu vingi, mitihani ya muhula wa kwanza huangukia Februari au Machi, na ya muhula wa pili Juni au Julai, wakati sisi Gairo tumo katika mavuno na tunaandaa sikukuu zake.

Ndugu zangu, hakuna siri hapa. Baraza la Mitihani hutoa ratiba yake miezi kadhaa kabla. Chuo hutoa almanaka yake mwanzo wa mwaka wa masomo. Kalenda ya Kanisa huchapishwa kabla ya Januari. Kasoro ni kwamba kalenda ya Kanisa imetundikwa ofisini kwa mchungaji, almanaka imebandikwa ubaoni chuoni, na anayezijua zote mbili ni kijana wa miaka 20 ambaye hana sauti mahali popote kati ya hapo.

Jinsi tulivyokosea

Sasa tueleze habari yetu. Tumepata ruhusa ya mhusika kuieleza bila kumtaja jina.

Mwaka 2019 bendi ilikuwa na mpigaji wa ngoma kubwa ambaye alikuwa binti, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu nje ya Gairo. Alikuwa hodari. Ngoma hiyo ni nzito, inabebwa kifuani na kuegemezwa tumboni, na watu walizoea kuona ikibebwa na mvulana. Yeye aliibeba kuanzia stendi mpaka kanisani bila kupoteza mwendo.

Pasaka ya mwaka ule ilikuwa Aprili 21. Vyombo vile vilinunuliwa kwa fedha za mradi wa vijana, na wageni waliosaidia mradi walikuwa wanakuja kukaa nasi sikukuu. Sisi wa ofisi tulitaka wageni waone bendi ikiwa kamili. Tulitaka hasa wamwone binti anapiga ngoma kubwa, kwa sababu tulikuwa tumeandika katika ripoti kuwa mradi unawashirikisha wasichana.

Katikati ya Machi alitujia kwa heshima akasema mitihani ya taifa ni Mei, na kwamba wiki ile ya Pasaka chuoni kwao kuna mtihani wa majaribio. Tulimjibu kwa upole, na upole huo ndio unaotuumiza tukiukumbuka. Tulimwambia, "Mwanetu, wageni watakuja mara moja tu. Mtihani wa majaribio si mtihani wenyewe." Alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa baba, nitakuja."

Tukafanya kosa kubwa zaidi. Tuliandika barua kwa chuo chake, kwenye karatasi yenye nembo na muhuri wa ofisi yetu, tukimwombea ruhusa ya siku tisa kwa ajili ya shughuli muhimu ya Kanisa. Chuo kilikubali. Nani atakataa barua ya Kanisa wakati wa Pasaka?

Alipiga vizuri sana. Wageni walifurahi. Picha yake ilitoka katika jarida hili.

Matokeo yalipotoka, alikuwa ameshindwa masomo mawili. Mama yake, ambaye anauza viazi vitamu kandokando ya barabara kuu, alikuja ofisini na karatasi ya matokeo. Hakuja kugomba. Aliuliza swali moja: "Ile barua mliyoandika mara ya kwanza, hamwezi kuandika nyingine mkawaambia kuwa mtoto alikuwa kwenu?"

Tulimweleza kuwa barua ya namna hiyo haipo. Barua yetu ilikuwa na nguvu ya kumtoa binti chuoni, lakini haikuwa na nguvu ya kumrudishia alama. Ilibidi arudie masomo hayo mwaka uliofuata. Na mwaka uliofuata ulikuwa 2020. Mwezi Machi shule na vyuo vilifungwa kwa sababu ya Korona, na vyuo vilifunguliwa tena Juni 1. Mitihani ikasogea mbele. Mwaka mmoja wa kungoja ukawa zaidi ya mwaka.

Alifaulu. Leo ni mwalimu. Lakini tangu wakati ule hajashika tena fimbo ya ngoma, na hatujathubutu kumwomba. Tulipomwendea mwaka huu kumwomba ruhusa ya kueleza habari hii, alikubali kwa sharti moja. Alisema, "Barua ya ruhusa siku nyingine iandikwe kwa bendi, isiandikwe kwa chuo."

Tunaomba mkubali kuwa hilo ndilo neno kuu la mada yetu ya leo. Mengine yote ni maelezo yake.

Tatizo hili ni la wengi

Mapenzi ya vijana kwa tarumbeta na ngoma si jambo geni katika nchi zetu. Tangu miaka ya 1890 vijana wa pwani, kuanzia Lamu na Mombasa, walikuwa wakicheza ngoma ya Beni, wakiiga bendi za kijeshi kwa sare, vyeo na gwaride. Wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 na baada yake, askari na wapagazi waliisambaza bara. Makundi ya Marini na Arinoti yalishindana mji kwa mji. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya Beni mwaka 1975. Sisi tunachukua funzo moja: mashindano yakipamba moto, kundi huanza kuwatumia watu wake badala ya watu kulitumia kundi. Wazee walilisema kwa ufupi: ngoma ikivuma sana hupasuka.

Huko Marekani kuna vikundi vikubwa vya vijana vya ngoma na vyombo vya shaba ambavyo hushindana majira ya kiangazi. Mashindano yao makuu ya kwanza chini ya chama chao cha Drum Corps International yalifanyika mwaka 1972 katika mji wa Whitewater, jimbo la Wisconsin. Wanachama wengi ni wanafunzi wa vyuo. Miezi ya baridi hukutana kwa kambi za mwisho wa wiki, na wengine husafiri mbali sana kuzifikia. Kisha mwezi Mei, vyuo vinapofanya mitihani ya mwisho wa mwaka, ndipo kambi kubwa ya mazoezi ya kutwa inapokaribia au kuanza. Vikundi hivyo si vya vyuo. Kwa hiyo kijana wa kule anabeba kalenda mbili kichwani, kama huyu wetu anayesubiri basi stendi. Umaskini wa Gairo peke yake hauelezi tatizo hili.

Sasa tuangalie Nairobi. Shule ya Starehe ilianzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin akiwa na wenzake Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, kwa ajili ya watoto waliokuwa wakihangaika mitaani. Imejulikana kwa miaka mingi kwa mambo mawili: bendi yake na matokeo yake ya mitihani ya taifa. Wengine husema bendi huharibu masomo. Starehe inaonyesha kuwa si lazima iwe hivyo. Lakini tuone tofauti yao na sisi. Pale, bendi na mitihani viko chini ya mkuu mmoja. Mwenye ratiba ya bendi ndiye mwenye ratiba ya masomo. Sisi tumetenganisha, chuo kina mkuu wake na bendi ina mwalimu wake, na hawajawahi kukutana.

Na kwa wale wanaodhani muziki ni mchezo tu usio na elimu, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, cha Kanisa letu, kinafundisha muziki kwa kiwango cha shahada, na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo imetokana na Chuo cha Sanaa kilichoanza mwaka 1981. Huko ngoma yenyewe ni mtihani. Kwa hiyo hatusemi vijana waache ngoma. Tunasema muda wa ngoma uhesabiwe.

Mambo tuliyobadilisha

Baada ya mwaka 2020 tulikaa na mwalimu wa bendi, wazazi na vijana wenyewe. Tulikubaliana mambo sita, na tunayaleta kwenu muyapime.

1. Kalenda moja. Mwezi wa kwanza wa kila muhula, kila mwanabendi analeta tarehe zake za mitihani. Zinaandikwa kwenye karatasi moja kubwa pamoja na sikukuu za Kanisa, na karatasi hiyo inabandikwa chumba cha vyombo. Anayepanga gwaride anaisoma kwanza.

2. Wapigaji wawili kwa kila ngoma. Hakuna mtu mmoja mwenye ngoma kubwa. Wapo wawili, mmoja anayesoma mbali na mmoja anayeishi hapa Gairo. Wanabadilishana hata siku ambazo wote wapo, ili wa pili asiwe wa dharura.

3. Wiki tatu za mtihani. Kuanzia wiki tatu kabla ya mtihani wa kwanza hadi siku ya mtihani wa mwisho, mwanabendi hadaiwi mazoezi. Haombi. Anakuwa amesharuhusiwa. Akitaka kuja kupumzisha akili kwa saa moja, aje, lakini asiitwe.

4. Nafasi haipotei. Zamani aliyekosa mazoezi matatu alirudisha sare. Sasa aliyekosa kwa sababu ya mtihani anarudi mahali pake alipotoka. Aliyekosa kwa uvivu, huyo tunazungumza naye kwa namna nyingine.

5. Mazoezi ya pamoja machache, ya peke yake ya kila siku. Badala ya Jumamosi nane, walio mbali wanaitwa Jumamosi tatu. Siku nyingine kila mmoja anafanya dakika 20 mahali alipo. Kwa wapiga ngoma tumetengeneza vibao vilivyopigiliwa kipande cha mpira wa gari juu yake. Mkono unajifunza na jirani wa bweni anasoma kwa utulivu.

6. Wageni watuone tulivyo. Mgeni akija wakati wa mitihani, ataona bendi ya watu saba badala ya kumi na wanne, na tutamweleza kwa nini. Mpaka sasa hakuna mgeni aliyekasirika. Mmoja alisema angeshangaa kama tungefanya vinginevyo.

Hatuwezi kusema kuwa mambo yote yamenyooka. Pasaka ya 2025 tulipiga bila ngoma kubwa katika ibada moja, kwa sababu mpigaji wa kwanza alikuwa na mtihani karibu na wa pili alikuwa na homa. Matarumbeta yaliingia kila moja kwa wakati wake, na wapo wazee waliotikisa kichwa. Tuliona aibu kidogo, ikapita. Aibu ya ibada moja huisha Jumapili hiyo hiyo.

Neno kwa vijana

Sasa tuwageukie ninyi, maana na ninyi mna sehemu yenu.

Kwanza, semeni mapema. Ruhusa inayoombwa wiki ya mtihani imechelewa, hata ikikubaliwa. Wiki ya kwanza ya muhula chukua daftari, andika tarehe za majaribio, za kazi za vikundi na za mtihani wa mwisho. Katika vyuo vingi kazi za muhula huchukua alama 40 na mtihani wa mwisho alama 60. Ukizipoteza zile 40 kwa sababu ya Jumamosi zilizopita, unaingia kwenye mtihani ukiwa tayari nyuma. Kumbukeni pia mahudhurio. Vyuo vingi vina kiwango, na asiyekifikia anaweza kuzuiwa kufanya mtihani kabisa.

Pili, someni kama mnavyojifunza ngoma. Hakuna mpigaji hata mmoja hapa aliyejifunza mapigo kwa kukesha usiku mmoja kabla ya gwaride. Mlirudia polepole, kidogo kila siku, mpaka mkono ukazoea. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe juu ya kukumbuka na kusahau. Aliona kuwa tunachojifunza husahaulika haraka mwanzoni, na kwamba marudio yaliyogawanywa kwa siku kadhaa hushika kuliko marudio yaliyorundikwa pamoja. Kwa hiyo dakika 20 za kibao cha mpira na saa moja ya madaftari, kila siku, vinaweza kukaa pamoja. Kisichokaa pamoja na kitu chochote ni mkesha wa madesa Ijumaa na basi la alfajiri Jumamosi.

Tatu, jipimeni. Mpigaji hajui kama ameshika mapigo mpaka atoe macho kwenye karatasi apige. Na wewe funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka, kisha fungua uone ulipokosea. Kusoma ukurasa ule ule mara tano kunafurahisha macho tu.

Nne, lala. Tunajua utani wa vyuoni, kwamba anayelala atapata sapu. Usingizi ndio unaosaidia akili kuweka kile ulichosoma. Mpiga ngoma asiyelala huharakisha mwendo bila kujua, na mwanafunzi asiyelala husoma swali vibaya bila kujua.

Tano, bendi isiwe kichaka cha kujifichia. Hili tunalisema kwa upendo. Wapo wachache waliokuja mazoezi kila Jumamosi kwa sababu walikuwa wanalikimbia somo gumu. Huyo hata tukimpa ruhusa ya wiki tatu ataitumia kutembea stendi. Kama somo limekushinda, mwambie mwalimu wako, au mwambie mwenzako wa bendi anayelijua. Tunao hapa wanaosoma hesabu, kilimo, uhasibu na uuguzi. Bendi inayokutana kwa ajili ya nyimbo inaweza kukutana saa moja kwa ajili ya hesabu.

Neno kwa wazazi na viongozi

Wazazi, msimwambie mtoto achague kati ya Mungu na mtihani. Hilo si chaguo lililo mbele yake. Lililo mbele yake ni Jumamosi moja yenye saa kumi na mbili za mchana. Msaidieni kuzigawa. Mkimwona anasitasita kuomba ruhusa, nendeni naye kwa mwalimu wa bendi.

Walimu wa bendi na kwaya, tunajua mnajitolea, na tunajua uchungu wa kufundisha wimbo miezi miwili kisha nusu ya watu wasionekane. Tunaomba mkumbuke kuwa mwenye gharama kubwa hapa ni yule mama wa viazi. Kijana akirudia mwaka, ada, chakula na pango la mwaka mzima vinatoka kwenye karai lile lile la barabarani.

Na sisi wa ofisi za miradi tuache kuhesabu vijana katika picha. Mradi wa vijana unapimwa kwa kijana anayemaliza chuo akiwa bado anapenda kupiga ngoma. Yule binti alimaliza chuo, lakini ngoma tulimpoteza, na wakati ule ripoti yetu ilisema mradi umefanikiwa.

Hitimisho

Kuna methali tunayoipenda sana kuwatisha nayo vijana: mshika mawili moja humponyoka. Ni kweli kwa anayeshika mawili bila kupanga. Lakini mpiga ngoma ndogo ana fimbo mbili mkononi, na hazimponyoki, kwa sababu anajua ni ipi inapiga sasa na ni ipi inangoja.

Kabla hatujaketi, tunawasomea barua tuliyoiandaa. Nakala ziko mlangoni, kila kijana achukue yake aijaze.

"Kwa Mwalimu wa Bendi. Yah: Ruhusa ya mitihani. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwanabendi aliyetajwa hapa ana mitihani ya chuo kuanzia tarehe ... hadi tarehe ... Tunaomba asidaiwe mazoezi wala gwaride kwa muda huo na wiki tatu kabla yake, na nafasi yake katika bendi itunzwe mpaka atakaporudi. Wako, Ofisi ya Miradi."

Karatasi hiyo ina nembo na muhuri. Ni muhuri ule ule tulioutumia mwaka 2019.